Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri yetu: meno ya watoto wetu ni ya kahawia, hayajaoza

Kwa: Mganga Mkuu wa Halmashauri
Nakala: Mratibu wa Huduma za Afya ya Kinywa na Meno, Ofisa Elimu Msingi, wazazi wenye karatasi za rangi nyumbani

YAH: KUCHIMBWA KWA MENO YA WANAFUNZI KWA USHAHIDI WA PICHA ZA MWANGA

Mheshimiwa Daktari,

Salamu na heshima zitangulie. Nimekuandikia mara tatu. Barua ya kwanza niliipeleka masjala kwa mkono wangu, na nakala yangu ikagongwa muhuri. Ya pili ilijibiwa kwa simu na kijana mpole aliyeniambia, "Mama, suala lako linafanyiwa kazi." Ya tatu haikujibiwa. Kati ya hizo nimekaa kwenye benchi la nje ya ofisi yako asubuhi mbili nzima, nikaambiwa uko kikaoni, kisha nikaambiwa umetoka. Kwa umri ningeweza kukuita mwanangu, lakini kwa cheo chako nitakuita Mheshimiwa, na kwa kuwa mlango wa masjala umefungwa nazungumza nawe mbele ya watu. Jina la kliniki silitaji hapa, wala la shule. Yote mawili unayajua, yamo katika barua zile.

Mimi ni tabibu wa meno mstaafu. Nilianza kazi mwaka 1986 katika hospitali ya wilaya yenye kiti kimoja cha meno, makoleo ya kung'olea, na umeme wa kubahatisha. Nikastaafu mwaka 2020. Nalisema hili mapema ili nisijibiwe tena kwamba "bibi haelewi teknolojia".

Machi mwaka huu gari la kliniki binafsi liliingia shuleni kwa kile walichokiita uchunguzi wa bure wa meno. Walikuja na kamera ndogo ya mdomoni inayotoa mwanga wa bluu, kompyuta mpakato, na printa ya rangi. Mjukuu wangu, mwenye miaka kumi, alirudi nyumbani na karatasi: picha ya magego yake manne ya kwanza, yale yanayoota mtoto akifikisha miaka sita hivi, yote yana madoa meusi, na pembeni mwa ufizi kuna mstari mwekundu kama wa kalamu ya mwalimu. Chini yake imeandikwa: "Meno 4 yameoza. Matibabu ya haraka yanahitajika."

Mimi nilikuwa msibani Singida. Mkwe wangu, kama mama yeyote angefanya, alikopa kwenye kikoba akampeleka mtoto. Meno manne yakachimbwa na kuzibwa siku moja. Niliporudi nilimsimamisha mtoto mlangoni kwenye jua nikamfungua kinywa. Meno ya mbele yana mistari myeupe kama chaki, na juu yake kahawia. Ya nyuma ambayo hayakuguswa yana ukungu uleule. Huyu mtoto ana meno ya floraidi, yaani yaliyotiwa madoa na madini ya floraidi yaliyo kwenye maji yetu ya kunywa, kama baba yake, kama mimi.

Siwezi kuapa kwamba yale manne hayakuwa na kitu. Ushahidi ulichimbwa ukatemewa kwenye beseni. Lakini karatasi kama ile ziko katika nyumba nyingi za kitongoji chetu, na wapo watoto ambao wazazi wao hawakupata fedha. Hao niliwaita uani kwangu. Niliwapigisha mswaki, nikakausha jino kwa pamba, nikatazama kwa kioo cha mdomoni na tochi. Wachache walikuwa na jino linalohitaji kazi. Waliobaki, na ndio wengi, walikuwa na alama za maji tu.

Ili usinielewe vibaya, Mheshimiwa: kamera hii naipenda. Nilikwenda kwenye ile kliniki nikaomba niione, na kijana mmoja muungwana akanionyesha kinywa changu mwenyewe kwenye skrini. Nyuma ya meno yangu ya chini ya mbele paliwaka rangi ya chungwa kama makaa. Ugaga, yaani ukoga uliogeuka mgumu! Mimi niliyefundisha watu kupiga mswaki kwa miaka thelathini na minne. Nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Kazi yake inaelezeka. Jino likimulikwa kwa mwanga wa zambarau unaoelekea bluu, wa nanomita 405 hivi, nalo hutoa mwanga wake lenyewe. Ukiutazama kupitia kichujio cha njano unaonekana wa kijani. Sehemu kubwa ya mwanga huo hutoka kwenye dentini, tabaka la ndani, ukapenya enameli, tabaka gumu la juu, hadi nje. Pale enameli ilipopoteza madini pana vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwanga ukifika humo unatawanyika, haupenyi vizuri, na kamera inaona doa jeusi. Wekundu ni jambo jingine kabisa: ukoga uliokaa siku kadhaa bila kuguswa na mswaki hufuga bakteria wanaotengeneza kemikali iitwayo porfirini, na porfirini ikipigwa na mwanga ule huwaka nyekundu. Zipo pia kamera zinazopitisha mwanga wa karibu na infraredi, wa nanomita 780 hivi, kutoka ubavu mmoja wa jino hadi mwingine. Uozo uliojificha katikati ya magego mawili hujitokeza kama kivuli, bila mtoto kupigwa eksirei. Vyote hivi vinafanya kazi, nami ningeshukuru kuwa nacho hata kimoja enzi zangu.

Sasa tazama vilitengenezwa kwa ajili ya nini. Doa linaloonekana kwa mwanga kabla ya tundu kutokea ni uozo ambao bado unaweza kusimamishwa, na mara nyingi kurudishwa nyuma, kwa dawa ya meno yenye floraidi, kwa vanishi ya floraidi inayopakwa kwenye jino, kwa kupunguza sukari na kusafisha ukoga. Kuliona mapema ndiyo sababu ya kutolichimba. Kwetu kifaa kilichobuniwa ili tuchimbe kidogo kimetumika kuchimba zaidi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kamera haikuambiwa iko wapi. Sisi tunaishi kwenye ukanda wa volkano, kati ya Meru na Kilimanjaro na bonde la ufa. Floraidi iko kwenye mawe, iko kwenye chemchemi, na iko kwenye magadi tunayopikia makande na maharage, hata chakula cha kumwachisha mtoto ziwa. Nchi hii kwa miaka mingi ilivumilia miligramu 4 za floraidi kwa lita moja ya maji kabla ya kushuka kwenye 1.5 ya Shirika la Afya Duniani. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali kilichokaa miongo kadhaa kikitafuta namna ya kuchuja floraidi, na mkaa wa mifupa ndio uliosaidia zaidi. Mwaka 1978 Wadenmark wawili, Thylstrup na Fejerskov, walitoa kipimo cha meno ya floraidi cha ngazi 0 hadi 9, na sehemu ya kazi yao ilifanyika kwenye vinywa vya watoto wa Tanzania. Dunia ilijifunza kupima meno ya floraidi kwa sehemu kwetu, halafu gari linakuja kwetu na kamera isiyo na habari hiyo.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu jino la floraidi na jino linaloanza kuoza vina kasoro inayofanana: enameli yenye vitundu, pungufu ya madini chini ya uso wake. Mwanga hutawanyika kwa namna ileile na doa hutoka jeusi vilevile. Mashine haina namna ya kujua kama vitundu hivyo vilitengenezwa na asidi ya bakteria mwaka jana au na maji ya kunywa wakati jino bado liko ndani ya taya. Hilo anajua mtu. Alama za floraidi huja pacha: gego la kulia likiwa nazo, la kushoto nalo linazo, katika urefu uleule, na zinasambaa kwenye jino zima. Uozo huchagua mahali pa kukaa: kwenye mashimo ya kutafunia, karibu na ufizi, katikati ya meno, pale ukoga unapolala. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza alitakiwa kujua tofauti hiyo kabla sijamruhusu kushika kifaa chochote chenye ncha. Kwenye karatasi ya mjukuu wangu magego manne, mawili kulia na mawili kushoto, yana madoa yanayolingana kama madirisha ya nyumba moja. Hilo peke yake lilitosha kumsimamisha mtu akafikiri.

Zipo pia kalamu za leza za kupimia uozo, zinazotoa namba kuanzia 0 hadi 99, nazo zina udhaifu unaofanana na huo. Rangi ya kahawia kwenye mashimo ya jino, ugaga, hata mabaki ya dawa ya kusugulia vinaweza kupandisha namba. Nimesikia kliniki inapanga kuleta kalamu hizo muhula ujao. Nasema mapema.

2. Uchunguzi ulifanyika chini ya mti. Mchana, baada ya uji. Mwanga wa jua unaingia kwenye lensi na kufifisha mng'ao wa jino. Kifaa hiki kinahitaji kiza au angalau kifuniko. Jino linatakiwa kusafishwa na kukaushwa kwanza, maana mate na mabaki ya chakula hubadili picha. Watoto walipanga foleni, kila mmoja akafungua kinywa sekunde chache, mwingine. Mwalimu mmoja aliniambia walimaliza shule nzima kabla ya kengele ya saa nane. Miwani ya kukinga macho ya watoto dhidi ya mwanga ule haikuwepo.

3. Wekundu umetafsiriwa kuwa uozo. Ni ukoga wa siku nyingi, basi. Unaonyesha mtoto hapigi mswaki vizuri, na dawa yake ni mswaki. Nimeona karatasi ya msichana wa miaka saba ambayo mstari mwekundu wa ufizini umeandikiwa "bakteria wa kuoza, kuziba". Unaziba nini hapo? Ukoga hauzibwi.

4. Aliyesoma picha si mtaalamu wa meno. Niliuliza, nikajibiwa kwamba programu ndiyo inayosoma, na kijana anachapisha. Sina ugomvi na kijana. Jina la daktari au tabibu aliyethibitisha lingepaswa kuwa chini ya karatasi, na karatasi zote nilizoziona hazina sahihi hata moja.

5. Picha za vinywa vya watoto zimetumika kama tangazo. Ziliwekwa kwenye hali ya WhatsApp ya kliniki zikiwa na jina la shule. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya za mtoto si vitu vya kupamba biashara.

Najua utakachojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa mimi.

Utaambiwa wazazi walisaini. Nimeiona fomu hiyo. Inasema "nakubali mtoto wangu achunguzwe". Haisemi kwamba kifaa kinaweza kuchanganya floraidi na uozo, wala haisemi kwamba mzazi ana haki ya kusikia maoni ya pili kabla ya kuchimba. Mkwe wangu alisaini akiwa jikoni, mtoto akimharakisha kwa kuwa mwalimu amesema mwisho ni leo.

Utaambiwa halmashauri haina wataalamu wa kutosha, na kwamba tungeshukuru kupata msaada. Uhaba naujua kuliko wengi, nimeufanyia kazi. Lakini kumbuka tulifanya nini na uhaba huo. Katikati ya miaka ya 1980, pale Dar es Salaam, ndipo ilipoanzia njia ya kutibu jino kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme wala mashine: unakwangua kilicholainika, unaacha kigumu, unaziba kwa saruji ya glasi ayonoma. Mwaka 1994, siku ya afya duniani ilipokuwa ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia. Nimeitumia kwenye zahanati ambazo maji yenyewe yalibebwa kwa ndoo. Kanuni yake ilikuwa mkono wako ukiona jino gumu, unasimama. Hatukuwa na mashine, tukajifunza kuacha jino zima. Leo mashine ipo na tunachimba jino gumu kwa sababu skrini imesema ni jeusi.

Utaambiwa kuziba mapema ni kinga, hakuna aliyedhurika. Huu ndio udhuru unaonikera zaidi, kwa sababu unasemwa kwa tabasamu. Jino likishachimbwa haliotei tena. Kizibo cha mtoto wa miaka kumi kitalegea, kitabadilishwa, na kila kikibadilishwa tundu linapanuka, hadi siku moja mtu mzima anakaa kwenye kiti kama kile changu cha zamani na mimi nanyoosha mkono kuchukua koleo. Jino la floraidi lenyewe tayari ni dhaifu kuzunguka kizibo, kingo zake hukatika. Na kama kweli ni uozo wa mwanzo, zipo njia zisizohitaji kuchimba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwenye orodha ya dawa muhimu dawa ya meno ya floraidi, saruji ya glasi ayonoma, na ile dawa ya madini ya fedha na floraidi inayopakwa kwa kijiti kidogo kusimamisha uozo. Inaacha weusi kwenye jino, ni kweli, na mzazi aambiwe. Bado ni bei rahisi kuliko kukopa kikoba.

Utaambiwa pia kwamba mama huyu anaona wivu kwa sababu amestaafu. Hilo sijibu.

Ninachokuomba, Mheshimiwa, kiko ndani ya mamlaka yako. Simamisha kwa maandishi matibabu yoyote ya kuchimba yanayotokana na karatasi zile, kuanzia sasa, hadi kila mtoto aliyepewa karatasi achunguzwe upya na tabibu au daktari wa meno wa halmashauri, jino likiwa safi na limekaushwa, na ngazi ya floraidi iandikwe kando ya kila jino. Wastaafu tupo, mimi na wenzangu wawili tuko tayari kusaidia bila posho, tupewe chumba chenye dirisha na maji. Waliochimbwa tayari wachunguzwe nao, na panapoonekana makosa kliniki irudishe fedha za wazazi. Picha zote za watoto ziondolewe kwenye matangazo, na kila mzazi apewe ya mtoto wake. Na kabla kifaa chochote cha mwanga hakijaingia tena shuleni katika halmashauri hii, kipimwe kwanza kwenye meno ya hapa hapa, kikilinganishwa na macho ya mtaalamu anayejua floraidi, matokeo yabandikwe mahali wazazi wanaweza kuyasoma.

Kamera yenyewe usiifukuze. Iache shuleni, iwekwe mikononi mwa mwalimu wa afya, itumike kwa kile inachofanya vizuri kuliko mimi: kumwonyesha mtoto ukoga wake unavyowaka nyekundu, kumpa mswaki, kisha kumwonyesha tena. Nilimwomba yule kijana wa kliniki amfanyie hivyo mjukuu wangu. Mtoto alipiga mswaki hadi mstari ukatoweka, akaomba arudie upande wa kushoto.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa mbili asubuhi, nitakuwa tena kwenye benchi la nje ya ofisi yako. Safari hii nitakuja na wazazi na karatasi zao, na watoto ambao bado hawajachimbwa. Kioo cha mdomoni ninacho, tochi ninayo, na pamba nitanunua njiani. Naomba dakika ishirini utazame nami vinywa vitatu tu, mwenyewe, kwa macho yako.

Wako katika utumishi wa afya,

Tabibu wa meno mstaafu, na bibi wa mwanafunzi mwenye vizibo vinne